Mama Munganga wa Panda, Aliyetibu Woga

Kicheko chake ndicho kilichotujulisha kwamba amepata mgonjwa. Ukifika kwenye kona ya barabara yetu, pale Panda, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, ulikisikia kikitoka uani kwake, kikubwa, cha mtu asiyejali majirani. Wageni walishangaa. Mtu ameingia pale amebeba huzuni ya mwaka mzima, na baada ya saa moja watu wawili wanacheka kama wako arusini. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba tu, aliniuliza mara ya kwanza alipokisikia, "Huyu anatibu watu ao anawachekelea?" Nikamwambia anafanya yote mawili.

Kwetu Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, neno munganga linabeba watu wengi. Daktari ni munganga, nesi ni munganga, na mzee anayechemsha mizizi naye ni munganga vilevile. Yeye alikuwa nesi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika zahanati ndogo ya kambi, akidunga sindano, akizalisha, akigombana na akina baba wasiotaka kupimwa damu. Jina lake halisi nililisoma mara moja tu, kwenye bahasha. Sisi wote tulimwita Mama Munganga.

Miaka ile mambo yalikuwa yanavunjika moja baada ya jingine. Kwanza posho ya kambi ilipungua, kisha ikaisha. Mashine zilinyamaza. Dawa nazo zikaisha: mwezi huu hakuna aspirini, mwezi ujao hakuna hata pamba. Kabati la zahanati likabaki na chupa tupu ambazo alizisafisha kila Jumatatu, sijui kwa nini. Lakini watu hawakuacha kuja. Walikuja na malaria, na zaidi walikuja na kitu kingine ambacho hakikuwa na chupa yake hata enzi za kabati kujaa: walikuja wakitetemeka, wakikosa usingizi, wakishtuka mlango ukigongwa.

Hapo ndipo alipoanza kusema maneno yaliyomfanya ajulikane mpaka mtaa wa Shituru: "Dawa hakuna. Mais kiti iko. Ikala."

Yaani dawa hakuna, lakini kiti kipo, kaa. Ukikaa, hakuuliza unaumwa nini. Aliuliza umekula nini. Baada ya hapo aliuliza umelala wapi, na nani, na kama mlango wa nyumba unafunga. Alisema mtu ambaye mlango wake haufungi hawezi kupona woga, kwa hiyo atengenezewe mlango kwanza. Na kweli, siku nyingine "matibabu" yote yalikuwa kumtuma mgonjwa arudi na bawaba iliyovunjika ili atafutiwe nyingine.

Mimi nilifika kwenye kiti hicho kwa sababu ya meza.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Wakati ule majirani walikuwa wamegeukiana kwa sababu ya mahali walikotoka babu zao. Mama yangu alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akaolewa Likasi, lakini baba yake alikuwa mtu wa mkoa wa Kasai, na hilo lilitosha. Asubuhi moja kundi la vijana likaja barabarani kwetu likipiga kelele na mabati. Walivunja mlango. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya kabati la nguo, tumeshikana mikono, na nilizisikia sahani zetu zikivunjwa. Hatukuguswa, jirani mmoja aliwaongopea kwamba tumeshaondoka. Baada ya wiki chache mama alipanda treni pamoja na dada zangu kwenda huko Kasai, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Baba alikuwa mtu wa huku na alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Nikabaki naye.

Nilirudi kazini nikidhani nimepona. Siku ya tatu kengele ya mapumziko ililia, watoto wakatoka mbio wakipiga kelele, kama watoto wote duniani. Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya meza yangu, nimekumbatia magoti, na wasichana wawili waliokuwa wamerudi kuchukua kamba yao ya kuruka walikuwa wameinama wananitazama. Mmoja akauliza kwa adabu sana, "Mwalimu, umepoteza chaki?"

Ilitokea tena, na tena. Mkurugenzi wa shule alikuwa mtu mwema, lakini aliniambia wazi: mpaka Pasaka, ama nisimame mbele ya watoto ama ampe mwingine darasa. Nilikuwa sina kitu kingine nilichokipenda kama darasa lile.

Sasa, nisije nikamfanya mama huyu kuwa mtakatifu. Aliwafundisha watu utulivu huku yeye mwenyewe akiwa na hasira ya ghafla. Aliwahi kumrushia mwuza mkaa kiatu. Alisema usingizi ndio dawa ya kwanza, kisha akaenda kuutafuta kanisani, Misa ya asubuhi, akikoroma kwenye benchi la pili. Aliogopa vyura. Si kidogo: mvua ikinyesha alitembea na fagio. Mtu akimcheka, alijibu, "Cheka. Kila muntu eko na kyura yake." Na aliiba. Aliiba katika kisolo, ule mchezo wetu wa kete na mashimo, akihamisha mbegu kwa kidole kidogo huku akikuuliza habari za wazazi wako ili macho yako yainuke.

Na aliweza kukosea. Mimi ndiye kosa lake kubwa, na alipenda kulisimulia.

Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku chache yaliyoletwa na wageni fulani, na kutoka huko alirudi na daftari na imani moja: anayesimulia yote anapona. Basi siku yangu ya kwanza akaniambia nianze mwanzo nisikome mpaka mwisho. Nikasimulia. Mabati, mlango, sahani, kila kitu, kwa pumzi moja. Nilirudi nyumbani nikiwa kama nguo iliyokamuliwa, na wiki nzima sikula wala sikutoka. Nilikuwa nimerudishwa nyuma ya lile kabati na hakuna aliyekuja kunitoa.

Siku ya nane alikuja mwenyewe, kwa miguu, amebeba sahani iliyofunikwa ya sombe, yale majani ya mihogo. Akaketi chini, mkekani, mimi nikiwa kitandani.

"Mwalimu," akasema, "minye njo nilikosa. Nilikufungula kidonda mbele ya kutafuta bandage. Unisamehe."

Sikuwahi kusikia munganga yeyote akikiri kwamba ndiye aliyekosea, na kuomba msamaha. Nikacheka, sijui kwa nini. Naye akacheka. Tukala sombe.

Tangu hapo aliacha imani ya dawa moja, kwa kuwa watu hawafanani. Alisema, "Bantu habafananake. Mwingine anapona na kinywa, mwingine na mikono, mwingine na magoti ku kanisa. Kazi yangu ni kutafuta yako iko wapi."

Yangu ilianzia kwenye pumzi. Hakuiita kwa maneno makubwa. Aliniambia tu nimwashie mbabula, lile jiko la mkaa, kila jioni. Mkaa wake ulikuwa mbichi, hauwaki. Nikapuliza kwa pupa, majivu yakaniingia machoni.

"Hapana vile. Vuta kidogo, puliza murefu. Murefu zaidi. Haiko mbio."

Nilidhani ananitumikisha. Baada ya siku kumi niligundua kwamba nikimaliza kuwasha lile jiko mikono yangu haitetemeki. Nilipomwambia, alijifanya ameshangaa. Kisha akaniongezea zoezi: moyo ukianza kukimbia, nitaje kwa sauti vitu vitano ninavyoviona, kimoja kimoja, na nikanyage chini mpaka nisikie nyayo. "Mwili yako inafikiri ingali nyuma ya kabati," akasema. "Uionyeshe kama iko hapa." Nilikuwa natembea barabarani nikisema ndoo, mbuzi, kofia, shimo, Mama Munganga. Watu walinisalimia kwa tahadhari.

Kuna kijana mmoja mchimbaji ambaye yeye hakuambiwa azungumze hata neno. Alikuwa anachimba shimo lake na wenzake, nje ya mji, udongo ukamfunika. Walimtoa baada ya nusu siku, mzima wa mifupa, lakini tangu hapo hakuweza kuingia ndani ya nyumba yoyote. Alikula nje, alilala barazani, alioga mvua. Mama yake alimleta analia.

Mama Munganga alitoa kiti nje. Hakuuliza habari za shimo. Alimtazama mikono yake na kusema, "Minye niko na lazima na nyumba ya kuku. Unajua kujenga?"

Kijana akajenga. Polepole, maana kila siku mama huyu alikuta kasoro: leo ukuta ni mfupi, kesho bati linavuja. Wiki tatu kijana alikuwa kimya, na neno lake la kwanza, ninalikumbuka kwa sababu sote tuliacha kupumua, lilikuwa, "Misumari imeisha." Mama Munganga alikimbilia misumari kama mtu aliyeitwa kwa Askofu.

Kisha ikabaki kazi ya ndani: vijiti vya kuku kulalia. Ili kuvifunga lazima mtu aingize kichwa, halafu mabega, halafu mwili mzima, katika kibanda kisichozidi kimo cha mbuzi. Kijana alikizunguka siku mbili. Mama Munganga akakaa mlangoni, miguu yake minene imenyooka mbele, akasema, "Minye siondoke hapa. Ingiza mukono tu. Leo mukono inatosha." Siku hiyo mkono, kesho yake kichwa. Siku kijana alipoingia mwili mzima na kutoka na vumbi la mbao kichwani, alikuwa amelowa jasho na anacheka. Jioni hiyo walicheza kisolo. Tukamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kurudi kati ya watu:

"Mama, unaiba."

"Minye? Minye munganga?"

"Weye munganga. Unaiba."

Aliingia kulala nyumbani kwao kabla ya mwezi kuisha. Kuku hawakuwahi kununuliwa. Kile kibanda alikiwekea kuni.

Alikuwa na rafiki mmoja ambaye pia alikuwa adui yake: pasta wa kanisa la maombi lililokuwa ng'ambo ya reli, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Yeye alisema haya yote ni pepo, yafukuzwe. Mama Munganga, Mkatoliki wa rozari, alisema pepo hawezi kufukuzwa na makelele, yeye mwenyewe anayapenda. Walibishana barabarani mbele ya watu, kwa furaha kubwa. Lakini niliona jambo: pasta alipopata mtu anayezidiwa na kelele za maombi, alimtuma kwa Mama Munganga kimyakimya. Naye Mama alipopata mtu aliyepoteza kila ndugu, alimtuma kwa pasta. "Kule beko na watu mia," alisema. "Bantu mia njo dawa. Mimi niko moya tu."

Walishirikiana waziwazi mara moja, kwa ajili ya mjane mmoja wa barabara ya pili. Mume wake alikuwa ameondoka kwa treni ile ile ya akina mama yangu, akafia njiani, akazikwa pembeni mwa reli mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwambia. Mjane akawa anampikia. Kila siku sahani mbili. Kwa pasta waliombea sahani ya pili iondoke, haikuondoka. Wengine walimtafutia vidonge vya usingizi. Mama Munganga akampa nusu kidonge kwa siku chache, akasema vidonge vinasaidia mtu kupumzika njiani, havimfikishi.

Ndipo akamwuliza mjane, "Mulifanya matanga?"

"Matanga gani, Mama? Maiti haiko."

"Bwana yako njo haiko. Matanga iko lazima."

Basi tukafanya matanga. Koti la marehemu likalazwa juu ya kitanda, viatu chini. Wanawake wa kambi wakakaa chini siku tatu kama inavyotakiwa, wakaimba, wakalia, na mimi nikawalilia wangu walioondoka, humo humo. Wanaume wakawasha moto uani. Pasta akahubiri kwa muda mrefu mno mpaka Mama Munganga akamvuta shati. Siku ya tatu tulilizika koti makaburini, na msalaba wenye jina. Tuliporudi, mjane akaingia jikoni kwake, akapika bukari, ugali wetu, akapakua sahani moja. Akaitazama. Kisha akatuita tuje kula naye, tukala kumi na mmoja kwa sahani hiyo moja, na alikuwa wa kwanza kutania kwamba marehemu angekasirika kuona koti lile zuri linapewa ardhi.

Nilimwuliza siku moja, tukimenya viazi, "Na weye, Mama? Nani anakutunza?"

Nilidhani atakwepa. Hakukwepa.

"Niko na rafiki ku Shituru, tulisoma naye. Kila siku ya pili napanda kinga yangu, ninaenda kwake, ninalia, tunakunywa chai, ninarudia." Akatupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Unafikiri mambo yenu yote ninaweka wapi?"

Nilikuwa nimemwona miaka yote akipita siku ya pili, yaani Jumanne, kwa ile kinga, baiskeli yake, nikidhani anakwenda kununua samaki.

Pasaka ilikuwa inakaribia. Pumzi nilikuwa nayo, maneno nilikuwa nayo, hadithi yangu nilikuwa nimeisimulia upya, safari hii kwa vipande vidogo, na kila kipande kikimalizika alinitaka niseme, "Na leo niko hapa, uani, ninamenya viazi." Kilichobaki ni kelele. Alinipandisha ngazi. Kwanza tulisimama nje ya mazoezi ya kwaya ya watoto. Kisha soko. Nilipotaka kukimbia, hakunizuia wala hakuniacha nikimbie mbali. Tulirudi hatua kumi, tukapuliza pumzi, tukasogea kumi na moja.

Ngazi ya mwisho ilikuwa mpira. Timu ya Panda na timu ya Shituru, uwanja umejaa watu wamekaa mpaka juu ya kuta. Nilimwambia siwezi. Akasema tutakaa karibu na mlango, na nikitaka kuondoka nimkanyage mguu.

Dakika za kwanza nilimkanyaga mara tatu. Mara zote tulitoka, tukasimama nje, tukarudi. Kisha Panda wakafunga bao.

Ile sauti sitaisahau. Ilitoka chini ya ardhi. Nilifumba macho, nikamshika mkono kwa kucha, nikaanza: kofia, mwavuli, goli, mawingu... nikafumbua macho nimtaje Mama Munganga, na hakuwa ananitazama hata kidogo. Alikuwa amesimama, kitenge kinamfunguka, anamtukana mwamuzi ambaye alikuwa amelikataa bao.

"Arbitre! Macho yako iko fasi gani? Uliyaacha kwenu?"

Watu walikuwa wanacheka karibu yetu. Na mimi, bila kukusudia, nikasikia sauti ikinitoka tumboni, kubwa, mbaya, ya mtu ambaye hakuwa amepiga kelele tangu siku ya lile kabati. "Lile ni bao! Bao!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mama Munganga akageuka, akanitazama kwa muda, akakaa chini taratibu, akajifunga kitenge.

"Njo vile," akasema.

Tulifungwa mbili kwa bila. Wiki iliyofuata kengele ya mapumziko ililia, watoto wakatoka. Nilishika ukingo wa meza. Nilipuliza pumzi ndefu. Nikabaki nimesimama, moyo ukipiga, lakini nimesimama. Sitadanganya kwamba ilikwisha siku hiyo. Hata sasa mabati yakigongwa ghafla natafuta vitu vitano. Lakini darasa nilibaki nalo.

Baada ya miaka michache alihamia kwa mtoto wa dada yake, katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa la Tshangalele. Miguu ilikuwa imekataa baiskeli. Nilikwenda kumwona mwishoni mwa miaka ile ya tisini, nimeshakuwa mke wa mtu, nimepanda lori la wafanyabiashara wa samaki, nimebeba sukari na sabuni.

Nilimkuta ameketi uani anachambua samaki wa kukausha. Amepungua mwili; kicheko hakikupungua. Nikamsalimu. Akanijibu kwa furaha, akanitazama, akaendelea kunitazama.

"Mapacha yako njo namna gani?" akauliza.

Sina mapacha. Mtoto wa dada yake akaninong'oneza kwamba siku hizi nyuso zinampotea. Anakumbuka mambo ya zamani sana tu.

Nilikuwa nimesafiri kuja kumshukuru, na mtu wa kumshukuru hakuwa anajua kwa nini. Nikaketi chini kando yake, nikachukua samaki na kuanza kuchambua naye, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikamwambia nitamsimulia habari ya mwalimu mmoja. Nikasimulia yote, kutoka mwanzo. Mabati, kabati, meza, yule msichana na chaki. Mkaa mbichi, kwaya, mpira. Mama yangu ambaye siku hizi ananiandikia barua ndefu, akilalamika juu ya mihogo ya huko. Sikutetemeka mahali popote. Yeye alisikiliza kama alivyosikiliza daima, mikono ikifanya kazi, kichwa kimeinamia upande. Pa kulia akalia kidogo. Kwenye mwamuzi akacheka mpaka samaki wakamwanguka mapajani.

"Iko habari muzuri," akasema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Na ule mama aliyemusaidia, eko muzima?"

"Eko muzima, Mama."

"Umusalimie sana. Umwambie alifanya kazi ya muzuri."

"Nitamwambia," nikasema.

Akaridhika, akasogeza beseni la samaki katikati yetu ili wote wawili tulifikie.